Tuta la Bibi Yudita

Nakumbuka Jumapili ile ya mavuno, mwanangu, na kinachonijia kwanza ni harufu yake. Kanisa lilinukia viazi vilivyochimbwa alfajiri, njegere mbichi, maziwa ya mgando, na nguo zilizokaa sandukuni mwaka mzima. Baridi ya Njombe ilikuwa imeng'ang'ania madirishani, lakini mimi nilikuwa natoka jasho la fahari. Mbele ya madhabahu, katikati ya mazao ya watu, kulikuwa na tenga langu, na ndani yake kabichi nne ambazo kila jicho lilikuwa linazitazama.

Uelewe mwaka wenyewe. Mvua zilikatika mapema. Vinyungu, zile bustani zetu za bondeni tunazolima kiangazi, vilikuwa vimekauka hadi udongo ukapasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Waliobahatika walivuna kabichi za ukubwa wa ngumi. Zangu zilikuwa kubwa kama kichwa cha ndama.

Baada ya ibada tulitoka nje kwa mnada, kama tufanyavyo hadi leo. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi, Mzee Zakaria, alipofika kwenye tenga langu alivua kofia.

"Wapendwa, hii kabichi ingekuwa na miguu ningeiamkia shikamoo! Nani anaanza?"

Watu wakacheka, wakaanza kupandishana bei. Ndipo sauti nyembamba ikatoka nyuma, penye ukuta, ikataja bei iliyowanyamazisha wote. Alikuwa Bibi Yudita, mjane aliyeishi peke yake upande wa juu wa kijiji.

"Bibi Yudita," Mzee Zakaria akamtania, "na hayo meno yako mawili, utaitafunaje?"

"Haya mawili yamebaki kwa ajili ya kukung'ata wewe, Zakaria. Gonga meza."

Akagonga: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu walipasuka kwa kicheko. Nami nikajipenyeza mbele nikiwa nimejaa kama ngoma, nikisubiri kusifiwa. Bibi Yudita akaniambia kwa upole, "Beba tenga lako, mwanangu. Unanisindikiza."

Sasa ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Mzee akisimulia hupita njia ya mbuzi, lakini hufika.

Nilikuwa nimeolewa hapa kijijini miaka mitatu. Mume wangu alikuwa kule Matembwe akipasua mbao, anarudi mwisho wa mwezi, na nyumbani tulikuwa mimi na binti yetu Lutengano, aliyekuwa anakaribia miaka miwili. Ulimi wake ulikuwa umeanza kufunguka. Kila kitu alikiita "nya", kuku nya, moto nya, hata mchungaji nya. Kinyungu tulichopewa na baba mkwe kilikuwa kwenye ukingo wa bonde, mahali panapokauka kwanza. Niliona mboga zikinyauka, na nikaona aibu, maana mke mgeni hupimwa kwa kinyungu chake.

Juu ya kinyungu chetu, pale unapopafahamu vizuri, kuna yale mashimo mawili ya mgodi wa zamani na lundo la kifusi cha kijivu. Watu walikuja wakachimba shaba, wakaondoka na shaba yao, wakatuachia mashimo. Kutoka mdomo wa shimo la chini kulikuwa na chemchemi ndogo iliyotiririka mwaka mzima, hata ukame uwe mkali namna gani. Lakini maji yale hayakuwa yanashuka bondeni. Tuta refu la udongo, lenye mfereji nyuma yake, liliyazuia na kuyapeleka pembeni, kwenye bonde dogo la mawe lisilo na mtu wala mmea.

Niliuliza mara moja tu, "Lile tuta ni la nini?" Nikajibiwa, "La wazee." Basi. Sikuuliza tena. Nilikuwa namwona Bibi Yudita kila mwaka kabla ya mvua, amejikunja pale na jembe lake, anapandisha udongo ulioporomoka, nami nikapita nikimsalimu "Kamwene, Bibi," nikaenda zangu. Nilidhani ni kazi ya mjane anayetafuta cha kumchosha ili alale. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa na umri ule ambao mtu huona afadhali awe mjinga kuliko aonekane anauliza.

Asubuhi moja nilipanda na jembe nikalikata lile tuta. Upana wa jembe tu, mwanangu, si zaidi. Maji yakapita yakicheka. Nami nikaimba! Na yalikuwa maangavu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu punje za mchanga chini yake. Huo uangavu ndio ulionidanganya. Si vyote ving'aavyo ni dhahabu, na si maji yote yanayong'aa ni ya kunyweshea. Yalijaza mfereji wa kinyungu changu, yakashuka kwenye vinyungu vya jirani zangu, nao wakaja kunishukuru, wakasema mke huyu ana mkono wa baraka.

Sasa turudi kwenye ile Jumapili. Nilimfuata Bibi Yudita nikidhani tunakwenda kwake. Alipita mlango wa nyumba yake bila kuutazama. Akapanda. Tenga lilikuwa linanikata bega, na kadiri tulivyokaribia lundo la kifusi, ndivyo kabichi zilivyozidi kuwa nzito. Tulipofika kwenye tuta alisimama mahali hasa nilipolikata, akaweka mguu wake mmoja upande huu na wa pili upande ule, maji yakapita katikati.

"Ni wewe," akasema.

"Bibi, umejuaje?"

"Juzi nimeona tuta lina mdomo. Nikajiuliza, mwaka huu wa njaa, nani ataleta kabichi kubwa kanisani? Nikaja na pesa yangu yote, ili nimjue mwenye kabichi hizo, na mtu mwingine asizipeleke nyumbani kwake."

Alikaa juu ya jiwe, akanionyesha nami niketi. Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga kelele.

Alinieleza kwamba yeye na mumewe walitoka Mlangali wakiwa vijana, kwa ajili ya kazi ya mgodi huu. Mumewe alisukuma toroli shimoni. Wenye mgodi walipoondoka, wao walibaki, wakajenga chini ya lundo kwa sababu maji yalikuwa karibu. Ndama wao wa kwanza alikonda akafa. Wa pili akafa. Mboga zilistawi. Na walikuwa na mtoto wa kiume.

"Kabla ya hao watoto wangu unaowafahamu," akasema. "Alikuwa anaumwa tumbo, analegea, anapauka. Sijui kama ni maji haya, mwanangu. Hakuna aliyetuambia. Lakini mume wangu aligundua kwamba mvua za kwanza zinaposhuka, vyura wanaimba bonde zima isipokuwa hapa. Akasema, mahali chura anapokataa kuimba, mimi silimi. Tukahama. Kisha akachimba tuta hili, msimu mzima, ili maji yasimfuate mtoto wa mtu mwingine. Alipokaribia kufa hakuniambia nitunze ng'ombe wala nyumba. Aliniambia, Yudita, tuta."

Upepo ulikuwa unapita juu ya kifusi, na hapakuwa na hata jani la kutikisa.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamuuliza. Niliuliza kwa hasira, maana aibu ikikosa pa kwenda hugeuka hasira.

"Niliwaambia waliokuwepo. Wamekufa. Ninyi mlipita mkanisalimu tu. Na mimi nina kosa langu. Nilidhani tuta linajieleza."

Kisha akaniuliza, akiwa ananitazama usoni, "Lutengano anakula nini?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba kwa wiki kadhaa mtoto alikuwa anashika tumbo na kulia, kwamba anatapika, kwamba ameacha kukimbiza kuku. Nilidhani ni minyoo. Nilikuwa nikimpikia mchuzi wa kabichi, laini, kila siku, ili apate nguvu. Mimi mama yake ndiye niliyekuwa namlisha, kijiko kwa kijiko.

Tulizika zile kabichi palepale juu, chini ya kifusi chenyewe. Nilitaka kuzichoma, Bibi akakataa. "Moto utageuza jani kuwa jivu, lakini kilichomo ndani ya jani hakiungui. Utakipeperushia majirani." Nilitaka walau kumpa nguruwe. Akaniuliza, "Na nguruwe ataliwa na nani?" Kisha akanipa jembe, nikaziba tuta nikiwa na gauni langu la kanisani, matope mpaka magotini.

Nilipomaliza nilisema, "Basi, Bibi. Maji yakimwagika hayazoleki."

Akasimama. Hapo ndipo niliposikia maneno niliyoyabeba maisha yangu yote.

"Hayazoleki, lakini hufuatwa. Tuta umelijenga kwa mikono. Yale maji yaliyokwisha kupita utayafuata kwa miguu, nyumba kwa nyumba."

Kesho yake asubuhi nilipanda basi na Lutengano mgongoni, tukaenda hospitali mjini Njombe. Daktari alikuwa mtu mwenye uchovu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alimminya mtoto tumbo, akamfunua macho, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Tunalima wapi? Nikamwambia yote. Akavua miwani.

"Mama, hapa sina kipimo cha kunionyesha kilichomo kwenye damu yake. Lakini sihitaji kipimo kukuambia uache chakula hicho leo. Kifusi cha mgodi huacha madini ardhini, kama risasi, na mengine hata siwezi kukutajia. Mmea hauchagui. Unakunywa ulichoupa."

"Nitaosha mboga vizuri, daktari. Nitachemsha sana."

"Utaosha vumbi. Kilichoingia ndani ya jani hakitoki kwa maji wala kwa moto. Mpe mayai, maziwa, maharage, mboga ya mahali pengine. Na maji ya kisima kingine. Umlete tena baada ya mwezi."

Basi nikarudi, nikaanza kuyafuata maji. Nyumba zilizokuwa na vinyungu chini ya changu zilikuwa sita. Sitakuficha, mwanangu, kwamba niliwaza kukaa kimya. Kijijini, zaidi ya Bibi Yudita, hakuna aliyejua. Kabichi zao zilikuwa bado changa, wangezivuna, wangenishukuru. Lakini kila nilipotaka kunyamaza nilimsikia Lutengano akilia tumbo, nikajua kila nyumba kati ya zile sita ina Lutengano wake.

Nyumba ya kwanza walinifukuza. Ya pili mwenye nyumba alisema, "Kumbe baraka ya mkono wako ndiyo hii?" na mkewe akacheka kicheko kinachokata. Ya tatu walifunga mlango wakaniacha naongea na mbwa. Ya nne nilimkuta Anyesi, mwanamke wa rika langu, ana mapacha. Alinisikiliza akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nikikupiga sasa hivi utanishtaki?"

"Sitakushtaki."

Akanitazama, akavuta pumzi, akaingia ndani. Nikajua anafuata fimbo. Alitoka na jembe. "Twende tukang'oe," akasema. "Kukupiga nitakupiga tukimaliza, nikiwa bado na nguvu." Hajanipiga hadi leo, ingawa kila Krismasi hunikumbusha kwamba deni lipo. Kwa nyumba mbili zilizobaki tulikwenda sote wawili. Na wale walionifukuza, walipomwona Anyesi aking'oa kabichi zake kwa mikono yake, walikuja wenyewe mmoja mmoja.

Lipo moja ambalo sikulifikia. Wiki moja kabla ya Jumapili ile ya mavuno nilikuwa nimepeleka gunia la kabichi Makambako, nikamuuzia mwanamke mmoja pale sokoni Lyamkena. Nilikwenda kumtafuta. Nilimkuta, akanikumbuka, akafurahi. "Dada, zile zimeshaliwa zote! Una nyingine?" Nilimweleza. Uso wake ulibadilika, akaanza kuwataja kwa vidole watu aliowauzia, akafika wa tatu akaishia hapo. Tulisimama tukitazamana katikati ya viazi vyake. Wale watu siwafahamu, nami nimewaombea kila Jumapili tangu siku hiyo. Ninakuambia hili ili usidhani maji yote hufuatwa yakapatikana. Mengine hukutangulia.

Lutengano alipona polepole. Kwanza alirudi kula, kisha akarudi kukimbiza kuku. Siku aliyosimama mlangoni akanionyesha mwezi mchana kweupe na kusema "nya!" nililia hadi akaogopa. Mwaka uliofuata, mvua za kwanza zilipokaribia, nilitangulia kwenye tuta kabla Bibi Yudita hajafika. Alipanda taratibu na fimbo yake, akanikuta nimefika katikati. Hakunisifu. Alikaa kwenye jiwe lake, akasema, "Hapo pamelegea, shindilia," nami nikashindilia. Tangu hapo jembe likawa langu. Yeye amelala makaburini juu ya kanisa, kichwa chake kikielekea bondeni, kama alivyoomba.

Na sasa wewe.

Jumanne ulinijia na wenzako wa kikundi, mmevaa viatu vyenu vya mpira, mna daftari na kalamu. Ukasema, "Bibi, ule uwanja chini ya kifusi umekaa bure miaka yote. Parachichi zina soko. Tunataka tuombe serikali ya kijiji itupe, na lile tuta tulipasue tupate maji. Wewe unasemaje?" Mwenzako akaongeza kwa sauti ya chini, akidhani nimezeeka masikio, "Hawa wazee na imani zao." Nilitabasamu. Niliiona ile asubuhi yangu imerudi, imevaa viatu vipya.

Sikukasirika, mwanangu. Tena niliona raha, kwa sababu umefanya jambo moja ambalo mimi sikulifanya. Umekuja kuuliza kabla ya kukata.

Unawakumbuka wale wataalamu wa udongo waliokuja na vifaa vyao, wakaweka kambi shuleni, wewe ukiwa bado mdogo? Walichota udongo juu kwenye kifusi, wakachota pale uwanjani, wakachota kwenye vinyungu vya chini. Walichuma majani wakayatia kwenye vifuko. Waliporudi na majibu walituita sisi watu wazima. Uwanja ule bado umebeba madini mazito, risasi na ndugu zake, na mmea wa chakula ukipandwa pale utayanywa. Lakini udongo wa vinyungu vya chini haukuwa na cha kututisha. Binti mmoja kati yao aliuliza, "Nani alijenga lile tuta? Bila hilo, bonde zima lingekuwa kama pale juu." Watu wakageuka wakanitazama. Nikawaonyesha makaburi.

Kwa hiyo nisikilize, nami nitalisema wazi, nisirudie kosa la kudhani tuta linajieleza. Pale uwanjani msipande kitu kitakachoingia mdomoni mwa mtu au mnyama, si parachichi, si mboga, si nyasi za ng'ombe, hadi udongo upimwe tena na mwenye kujua awaambie. Pandeni misindano, kama wale wataalamu walivyoshauri, mizizi ishike kifusi kisishuke na mvua, na mbao zake mtapasua ninyi. Parachichi zenu nitawapa mahali. Shamba langu la nyuma ya nyumba, lile la mahindi, mimi sina tena mgongo wa kulilima. Lichukueni. Maji yake yanatoka upande wa msitu, na vyura wake wanapiga kelele hadi mtu anakosa usingizi.

Ukikuta kitu kilichojengwa na waliokutangulia, na hujui kazi yake, usikivunje kwa sababu hakuna anayekueleza. Tafuta hadi umpate anayejua. Na ukikosea, maana utakosea, usijifiche nyuma ya methali. Amka uyafuate maji kwa miguu yako, hata kama nyumba ya kwanza watakufukuza. Huenda ya nne yupo Anyesi.

Jembe lipo nyuma ya mlango. Mpini ni mpya, lakini chuma ni kile kile cha mume wa Bibi Yudita, kimelika hadi kimekuwa kidogo kama kiganja. Mvua zipo karibu, na upande wa chini tuta limeporomoka kidogo. Jumamosi njoo na kikundi chako. Mimi nitakaa kwenye jiwe.

Mungu aliyeumba udongo akuongoze miguu, mwanangu. Mkono wako uzibe zaidi ya unavyokata. Watoto wako wale jani la bonde hili bila hofu, wajue kwamba wapo waliojikunja mgongo kwa ajili yao. Na mvua ya kwanza ikishuka, usiku utakapotulia, fungua dirisha usikilize. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza tangu niolewe hapa, nilimsikia chura mmoja upande wa juu, karibu kabisa na tuta. Alikuwa mmoja tu, na sauti yake ilikuwa mbaya. Mungu akujalie uwasikie wakiwa wengi.